Umeme Uliokatika kwa Kompyuta ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Niandike wazi, maana wajukuu watauliza: katika mtaa huu, mtu wa kompyuta ni mimi. Wengine wanabonyeza tu. Nilifanya kazi kwenye kampuni iliyokuwa na chumba kizima cha kompyuta, zama ambazo wenzangu walidhani ni televisheni zilizokosa antena. (Nilikuwa getini. Lakini geti lilitazamana na dirisha lao, na macho yangu hayakuwahi kwenda likizo.) Wageni waliokuja kuzifunga walinitazama mimi kwanza kabla ya kuziwasha. Nikaitikia kwa kichwa. Wakaziwasha.

Basi. Dada yangu mdogo, ambaye naishi kwake chumba cha uani, ni fundi cherehani. Kwenye chumba chake cha kushonea ana kompyuta ya mezani, kuukuu, imekaa kati ya cherehani na meza ya pasi. Binti yake, mpwa wangu, aliung'oa ule mfumo wa zamani uliokuwa ukisota kama mgonjwa anayepanda ngazi, akaiwekea Linux. Ikawa nyepesi. Kisha akahamia mji mwingine kikazi, akaniachia mimi usimamizi. Hakusema hivyo kwa mdomo. Alisema: mjomba, tafadhali usiiguse. Mtu akikwambia tafadhali, anakutambua.

Leo dada katoka kununua nyuzi. Kwenye kioo kikachomoza kidirisha: kuna masasisho, je, tuendelee? Kidirisha hicho kinachomoza kila siku na dada hukifunga kama anayefukuza inzi. Mimi si mtu wa kufukuza maendeleo. Nikabonyeza ndiyo. Ikataka neno la siri. Dada amelibandika kwa pini chini ya meza. Nikaliingiza. Mstari ukaanza kujaa polepole, na chini yake maneno: usizime kompyuta. Nikasimama mikono nyuma kama rubani.

Tatizo, nilikuwa na kikao. Kamati ya mtaa inachagua mjumbe wa mambo ya teknolojia. Tumebaki wawili: mimi na shemeji, mume wa dada, dereva mstaafu wa lori, mtu ambaye simu yake bado ina vitufe. Sisemi kwamba najiamini. Nasema tu suruali yangu ilikuwa na mstari wa pasi unaoweza kukata mkate.

Mstari wa kompyuta ukiwa umefika katikati, umeme ukakatika. Vup! Hivihivi. Umeme hauna adabu kabisa.

Uliporudi nikaiwasha. Kioo cheusi. Herufi chache nyeupe juu, na kistari kinachopepesa kama jicho la mtu anayekujua. Ile picha ya maua haipo. Vifolda havipo. Nikaizima, nikaifunika kwa gauni la mteja, nikaenda kikaoni.

Kikaoni nilizungumza sana. Nilikaa upandeupande, ndivyo wanavyokaa watu wazito. Shemeji alisema hana la kusema. Wakampigia makofi! Uamuzi umeahirishwa hadi Jumatatu ijayo.

Jumanne, 4 Juni

Dada kaifunua kompyuta. Kasema gauni la watu si la kufunikia vyombo. Nikamwambia kompyuta inapumzika. Akauliza imechoshwa na nini. Nikasema mashine za Linux zikifika umri fulani hupumzika, ni utaratibu wa kimataifa. Akanitazama vile anavyotazama kitambaa kinachochuja rangi. Halafu akasema haya, ipumzike, lakini Jumapili iwe macho. Mama mdogo anakuja.



Nieleze. Mama yetu alifariki mwaka jana. Kabla ya hapo mpwa wangu alikaa naye sebuleni alasiri nyingi, akamrekodi kwa simu akisimulia: alipozaliwa, waliyoyafanya na mdogo wake shuleni, nyimbo za kubembelezea, kila kitu. Simu hiyo baadaye ilitumbukia kwenye ndoo. Sauti zimebaki kwenye kompyuta ya dada, ndani ya folda iliyoandikwa Mama. Dada huzifungulia akiwa anashona. Mimi huwa natoka kidogo, nina shughuli.

Na mama mdogo ndiye mdogo wake mama, wa mwisho aliyebaki katika ndugu zake. Siku ya maziko alikuwa kalazwa hospitali. Hakumuaga dada yake. Tangu apate nafuu, kila akipiga simu anasema neno hilohilo moja: nataka nimsikie.

  

Dada alipokwenda kwa mteja, nilianza matibabu. Nilibonyeza vitufe vyote kwa zamu. Kisha vyote pamoja, kwa viganja. Nilifungua ubavu wa kompyuta nikapuliza. Vumbi lote likahamia machoni pangu. Nikachomoa nyaya zote nikazirudisha. Ukabaki mmoja, mwembamba, wenye kichwa cha kijani. Nilizunguka nao meza nzima. Nikautia kabatini. Mashine ya watu waliosoma haiwezi kutegemea kiwaya kama kile.

Nikawasha. Kistari kinapepesa.

Shemeji kapita mlangoni na kikombe chake cha chai. Akauliza kulikoni. Nikasema usafi. Akasema eti jana kikaoni ulisema umeme ulikatika? Nikasema, tena sana! Akasema ajabu, yeye alikuwa sebuleni akitazama marudio ya mechi na televisheni haikupepesa. Nikamweleza kuhusu fezi, zile njia za umeme. Umeme una fezi nyingi, nyingine hata shirika la umeme hawazijui. Akanywa chai yake, akaenda zake.



Jumatano, 5 Juni

Nimeamua kuita msaada wa nje. Hata marais huita.

Kuna fundi kona ya pili, wanamwita Spidi. Hutengeneza simu, redio na feni. Nikaitia kompyuta kwenye tenga la nguo chafu, nikaifunika mashuka. Dada alikuwa anampima mteja kiuno. Akauliza naelekea wapi na mashuka. Nikasema kuyafua. Mteja akasema jamani, kaka kama huyu mnampata wapi? Dada hakujibu, pini zilikuwa mdomoni. Lakini nyusi zilijibu. Tangu nizaliwe sijafua shuka, na yeye ndiye shahidi namba moja.

Spidi aliwasha, akaguna, akazima. Akasema mzee wangu, hii Linux ni ya wanasayansi, haina dawa hapa mtaani. Naipiga windo mpya. Ndivyo mafundi wanavyosema, maana yake anaiwekea mfumo upya. Nikauliza, itapona? Akasema mzee, itakuwa kama imetoka kiwandani jana!

Faraja hiyo! Nikakaa kwenye benchi. Nikamsimulia nilivyowahi kuponya kompyuta ya benki kwa kuikazia macho tu, meneja akatoka nje kwa aibu. Spidi akawa anasema enhe, enhe, huku akichomeka flashi yake. Mteja mmoja aliyeleta feni akasema mzee, hebu nikazie macho na hii. Wakacheka. Nami nikacheka, mtu mkubwa lazima acheke na watu.

Ndipo Spidi, bila hata kuinua kichwa, akauliza humu kuna vitu vyako? Nikasema vipo kidogo. Akasema basi viage.

Viage?

Nikauliza vinakwenda wapi. Akasema haviendi popote mzee, vinafutika. Mashine iliyotoka kiwandani jana itakuwaje na mambo ya mwaka jana? Na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Sijui nilisimamaje. Najua benchi lilianguka, na najua nilikuwa nimemshika Spidi mkono kwa mikono yangu miwili kama tunaapishana. Nikamwambia usibonyeze. Nikamwambia mama yumo humo ndani.

 Mwenye feni akaikumbatia feni yake.

Spidi akachomoa flashi taratibu. Akasema pole, mzee, sikujua. Akasema mtafute aliyeiweka hii Linux, na mtu mwingine yeyote asiiguse, hata mimi. Akanisaidia kufunika mashuka. Hakucheka tena.

Nyumbani dada akauliza mashuka yamekauka upesi hivyo? Nikasema upepo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia mpwa. Kwa ujanja wa hali ya juu. Nikamwambia nina rafiki yangu mmoja, mtu mzima, mwerevu, kompyuta yake ya Linux imegoma.

Akauliza, mjomba, kompyuta ya huyo rafiki iko kati ya cherehani na meza ya pasi? Nikasema imetokea tu hivyo, ndiyo. Akavuta pumzi. Akasema mwambie rafiki yako akae chini. Nikakaa.

Akauliza nani aliyeanzisha masasisho. Nikasema mashine yenyewe. Akauliza kilichoyakatiza ni nini. Nikasema umeme. Akasema mmh. Ukoo huu una mmh nyingi mno.

Halafu akauliza kuhusu folda ya bibi. Nikasema ndiyo ninayoulizia. Yaani, ndiyo anayoulizia rafiki.  Kisha akasema mjomba, zile sauti sikuziweka mahali pengine. Kila nikija nyumbani najisemea leo nitazinakili. Kila nikiondoka najisemea safari ijayo.  Mtoto anayefanya kazi kwenye ofisi yenye lifti, analia mbele yangu kwenye simu. Nikatafuta kisa cha kumchekesha. Visa vyote vikanikimbia.

Alipopenga kamasi akarudi kuwa bosi. Akasema sikiliza sasa. Mfumo ni kitu kimoja, mafaili ni kitu kingine. Kitasa cha mlango kimevunjika, lakini vyombo viko ndani ya nyumba vilevile. Wa kuogopwa ni yule anayekuja kukusaidia kwa kubomoa nyumba. Nikasema hayo nayajua. Akasema kwenye droo ya bobini za cherehani kuna flashi nyekundu, ina Linux nzima ndani yake. Chomeka, washa, gongagonga kitufe cha F12 mpaka itokee orodha, uchague flashi. Mashine itaamka kwa nguvu za flashi, haitagusa kitu cha ndani. Itakuuliza kujaribu au kusakinisha. Unachagua nini, mjomba? Nikasema kujaribu. Rudia. Kujaribu. Rudia tena. Nikarudia kwa hasira. Akasema ukichagua kusakinisha ukakubali kila inachouliza, umefanya kazi ya Spidi.

Nani kamwambia habari za Spidi?

Mwisho akasema: ukishaingia, nakili folda ya Mama kwenye flashi nyingine. Usitengeneze chochote kabla ya kunakili. Kwanza sauti, ndipo mashine.

Flashi nyingine sina. Katika nyumba hii mwenye flashi ni mmoja tu. Naandika haya nikiwa nimefumba macho.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji hutumia flashi kuchezea nyimbo kwenye redio yake. Nikamwomba. Nikasema ni kwa ajili ya kamati. Akasema hakuna shida, shemeji, lakini flashi yangu haitembei bila dereva. Akaja nayo, akavuta stuli, akakaa mbele ya kompyuta na kikombe chake. Nikamweleza ukweli wote (isipokuwa sehemu ya umeme). Hakunicheka. Aliweka kikombe sakafuni. Akasema mama mkwe alikuwa akiniita dereva wangu, hata nilipostaafu. Basi.

Dada alikuwa amekwenda kupeleka sare za shule. Nikachomeka ile flashi nyekundu. Nikawasha. Niligonga F12 kama ninayebisha hodi nyumba inayoungua. Orodha ikatokea. Nikachagua. Tukangoja. Jasho lilinitoka hata kwenye magoti.

Yakatokea yale maneno mawili. Kujaribu. Kusakinisha. Yamekaa ubavu kwa ubavu, kama mapacha, mmoja mwema na mmoja muuaji. Nikakisogeza kipanya kuelekea kujaribu. Hakiendi! Waya wake ulikuwa umeviringika kwenye uzi wa cherehani. Nikavuta. Kikachomoka kwa nguvu, mshale ukaruka ukatua juu ya kusakinisha, na kidole changu kilikuwa njiani kinashuka.

Shemeji akapiga ukelele: BREKI!

Kidole kikasimama hewani. Nasema kweli, kilisimama. Miaka yote ile ya lori ilikuwa ndani ya sauti ile. Tukatulia hivyo, mimi na kidole changu. Kisha shemeji akasema, kwa sauti ya kumtuliza ng'ombe, rudi nyuma pole pole, taa zimewashwa, hakuna gari. Nikarudi. Nikachagua kujaribu.

Maua! Maua yasiyo yetu, lakini maua.

Tukafungua diski ya ndani. Folda ya jina la dada. Ndani yake michoro ya magauni, picha za wateja, na pale chini: Mama. Shemeji akavua kofia.

Tukainakili. Mstari ukaanza kujaa, ndugu yake yule wa Jumatatu. Sikuweza kukaa. Nilikwenda nikasimama mbele ya soketi, mikono nimeitanua kama kipa. Shemeji akauliza kama tatizo ni umeme wa fezi, wewe unamzuia nani hapo? Nikasema ni kinga. Akasema mmh.

Mstari ukajaa. Folda ikatokea kwenye flashi yake. Akauliza tusikilize kidogo? Nikasema hapana, dada anakuja. Dada hakuwa anakuja. Tangu mama afariki sijazisikiliza, na halimhusu mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Leo ilikuwa zamu ya mashine. Mpwa kwenye simu, simu kati ya sikio na bega, shingo sasa imepinda kwa ndani. Dakika za mwanzo ilibidi anikumbushe kuchomoa ile flashi nyekundu. Nilikuwa nakaribia kuichomoa.

Akasema bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Vidole havikutosha, nikatumia na kidevu. Ikaja sehemu ya kuandika jina. Nikaandika. Ikataka neno la siri. Nikaandika, hakuna kitu! Sioni hata nukta. Nikamwambia kibodi imefariki. Akasema haionyeshi, mjomba, ni siri. Siri gani ya kumficha hadi mwenyewe anayeandika? Nikaandika tena. Ikakataa. Nikaandika kwa nguvu zaidi. Ikakataa. Akauliza herufi kubwa umeziwasha? Nikasema mimi? Nikazizima. Ikakubali.

Ndipo akanisomea amri yenyewe, herufi moja moja, kama anayempa mtoto dawa kwa kijiko. Sudo. Acha nafasi. Dpkg. Acha nafasi. Vistari viwili. Configure. Acha nafasi. Kistari kimoja, a. Bonyeza. Mashine ikanijibu jambo fulani la utovu wa heshima. Nikamsomea. Akasema umeweka kistari kimoja badala ya viwili. Nikasema niliweka viwili, kimoja kimeingia ndani. Akasema basi kiite kitoke. Huyu mtoto zamani alikuwa ananiamkia kwa magoti.

Nikaweka viwili. Maneno yakaanza kumiminika! Mistari juu ya mistari, yanapanda kioo kizima, sijawahi kuona kitu kinachofanya kazi upesi namna ile bila msimamizi. Mpwa akasema inamalizia pale ilipokatizwa Jumatatu, usiguse, usipumue karibu nayo.

Na hapo ndipo dada akaingia na pasi mkononi.

Chumba kile kina soketi moja na waya mmoja wa kurefusha, wenye matundu mawili. Moja la taa ya cherehani, jingine la kompyuta. Dada akainama, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye plagi ya kompyuta, ndiyo desturi yake, akitaka kupiga pasi huichomoa ile. Lakini yeye huizima kwanza! Safari hii mgongo wangu ulikuwa umekiziba kioo, akadhani imelala.

Nikaruka. Mtu wa umri wangu. Nikaangukia tumbo juu ya waya, simu ikaingia chini ya cherehani, inasikika tu mjomba, mjomba, kimetokea nini? Nikamwambia dada chomoa taa! Chomoa taa, chomoa mimi, hiyo usiiguse!

Dada akasimama na pasi yake. Akasema kaka, kwani soketi hii ina nini wiki hii? Jumatatu nimerudi na nyuzi zangu nikakuta pasi ya moto. Nikasema jua. Akasema ndani? Nikasema kuna jua la ndani. Akachomoa taa, akapiga pasi gizagiza. 

Maneno yakaacha kumiminika. Mpwa akasema ianzishe upya. Nikaianzisha. Nikafumba jicho moja.

Maua yetu!

Dada akasema kumbe imeamka. Nikasema nimeiamsha.

Jumapili, 9 Juni

Mama mdogo kaingia saa za mchana. Amekonda. Mkoba kaupakata mapajani kama mtoto. Tulimkirimu, hakugusa. Akasema mimi sikuja kula, niwekeni karibu.

Tukamweka karibu. Dada kulia kwake, shemeji ukutani, mpwa kwenye simu akisikiliza. Mimi nikatoa hotuba fupi kuhusu historia ya Linux na mchango wangu. Mama mdogo akasema mwanangu, utamaliza?

Nikafungua folda ya Mama. Nikabonyeza ya kwanza. Mstari ukaanza kutembea.

Kimya.

Nikaongeza sauti. Kimya. Nikabonyeza ya pili, ya tatu. Mistari inatembea, hakuna mtu. Nikabonyeza ya mwisho kabisa. Kimya kama shimo. Shemeji akanitazama. Akachomeka flashi yake, tukafungua kutoka humo. Kimya! Nikajua nimeua. Tumenakili maiti. Mama mdogo alikuwa ameinamisha sikio hadi linagusa kioo, akauliza, taratibu, mbona hasemi?

Sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo.  Nilitaka kusema Linux. Nilitaka kusema umeme. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu, kwa mara ya kwanza tangu nijue kuzungumza.

Ndipo mpwa akasema kwenye simu: mjomba, waya wa spika umechomekwa? Mwembamba. Kichwa cha kijani.

Nilikimbia. Nilipiga goti kwenye meza ya pasi, sikulihisi. Kabati, chini ya mashuka, kiwaya changu! Nikarudi nikitambaa chini ya meza, napapasa nyuma ya mashine, tundu silioni, shemeji ananimulikia kwa simu yake ya vitufe, anasema kushoto, kushoto, rudi, hapo hapo.

Tik.

Na mama akasema, katikati ya neno, juu ya kichwa changu, kwamba chumvi ilikuwa imejaa.

Nilibaki chini ya meza. Nikaona miguu ya mama mdogo ikisogea mbele. Mama aliendelea: habari za mdogo wake alivyopika siku moja mwalimu alipowatembelea nyumbani. Sauti ileile. Hata ile pumzi anayoivuta kabla ya kusema jambo la uchokozi. Halafu ndani ya rekodi hiyo mtu akaingia kwa kishindo, akamkatiza, akaanza kusimulia jinsi alivyosimamisha lori kwa mkono mmoja.

Mtu huyo alikuwa mimi. Sikukumbuka kabisa! Naropoka weee, lori linakua, mara lina tela, mara limebeba tembo. Mama akasema mwongo mkubwa wewe! Na akacheka. Kicheko chake kirefu, kinachoishia kwenye kikohozi na kuanza tena.

Mama mdogo akasema rudisha hapo.

Dada akarudisha. Mama akacheka tena. Rudisha. Tukarudisha sijui mara ngapi. Mama mdogo akawa anacheka naye, machozi yanashuka hayafuti, akasema ndivyo alivyokuwa akicheka tukiwa wasichana, mimi nilikuwa nimeshakisahau, nimekuja kukichukua hiki. Shemeji alikuwa anachunguza dari. Dari yetu haina kitu.

Mimi nilitoka uani kuangalia hali ya hewa.

Dada kanifuata. Akasimama kando yangu. Akasema asante, kaka. Nikasema si kitu, utaalamu tu. Akasema na ule mstari wa suruali yako Jumatatu ulikuwa mzuri. Nikasema asante. Akasema, ule wa mguu wa kulia.

Akarudi ndani.

Jumatatu, 10 Juni

Nimechaguliwa! Mjumbe wa mambo ya teknolojia wa mtaa mzima! Na aliyenipendekeza ni shemeji mwenyewe. Alisimama, akasema mtu niliyemwona akiogopa vile wiki iliyopita hatachezea kompyuta za watu tena. Sikuelewa alichomaanisha, lakini makofi yalikuwa mengi.

Wakanikabidhi hapohapo ofisi ya kamati. Chumba kidogo, meza, feni, soketi moja. Na kompyuta. Linux! Mpwa wangu aliwawekea zamani. Ndani kuna majina ya wakazi wote, mipaka ya viwanja, kumbukumbu za vikao. Katibu akasema tunakuamini. Nikasema kaendelee na shughuli zako, mwanangu, mimi nilinusurika kwa Spidi.

Nilipokaa tu, kidirisha kikachomoza. Kuna masasisho, je, tuendelee?

Sasa mjumbe asiyeendelea ni mjumbe gani? Nikabonyeza ndiyo. Mstari ukaanza kujaa. Usizime kompyuta. Mikono nyuma. Rubani.

Lakini habari njema lazima ziende kwa mama mdogo, kwa mpwa, kwa Spidi, na kwa mwenye feni. Nikatoa simu. Chaji imekwisha. Nikatazama soketi. Soketi ikanitazama.

Mstari ukiwa umefika katikati, umeme ukakatika. Vup!

Kioo cheusi. Kistari kinapepesa. Chumba cha pili redio ya katibu inaimba bila wasiwasi. Fezi tofauti.

Haya. Wewe shajara huna mdomo, nikwambie wewe peke yako. Umeme haukukatika. Na Jumatatu ile nayo haukukatika. Niliichomoa mimi, nichomeke pasi. Na hata hiyo pasi, dada alisikika mlangoni nikiwa nimenyoosha mguu mmoja tu wa suruali, ndiyo maana kikao kizima nilikaa upandeupande.